Bidoni Nne Zilizomfuata Joviale

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, sogea pembeni. Leo tunamkumbuka dada yetu Joviale Bulonza, fundi wa redio wa Murara, hapa Goma. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Ziwa Kivu lilimchukua Jumanne iliyopita, mbele ya bandari ya Kituku, mchana kweupe.

Huenda hata redio inayoongea mezani kwako ilipita mikononi mwake. Lakini miaka miwili iliyopita kaka yake, Magloire, alizama na mtumbwi wa abiria. Mwili haukuonekana. Hadi leo haujaonekana. Familia ilikaa matanga mbele ya picha, bila jeneza. Mama yao, Mama Bénita, akakataa kuyamaliza matanga hayo. Alisema: "Sitavua hii nguo nyeusi mpaka mutoto wangu alale mu udongo."

Basi Joviale akaacha redio za watu na kuanza kutengeneza mashine za kutafuta wale ambao ziwa haliwarudishi. Alichukua bidoni nne, yale madumu ya plastiki ya mafuta ya kupikia. Kila moja akaipa moteri, batri na kifaa cha kutambua kitu kilicho chini ya maji. Roboti nne, wasikilizaji. Hazikujua njia. Zilijua jambo moja tu: kumfuata kiongozi, na kuachiana nafasi. Kiongozi akisimama, zinamzunguka na kungoja.

Hayo alijifunza kwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mmewaona wenyewe: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, makasia yote yanafuata wimbo wa mtu mmoja. Murhula, mpiga kasia wa Kituku, anakumbuka: "Aliniuliza, Papa Murhula, mwenye kuimbisha akinyamaza, munafanya nini? Nikamwambia, tunangojaka yeye."

Kiongozi alipaswa kuwa roboti ya tano. Moteri yake ikaungua. Joviale akatia kifaa cha kutuma mawimbi ya redio ndani ya kibidoni cha njano cha litri moja, akakipakata ndani ya mtumbwi wa Murhula. Yeye mwenyewe akawa kiongozi. Siku moja kibidoni kilidondoka majini, roboti zikakifuata hadi kwenye mawe. Tangu hapo alikifunga kiunoni kwa kamba ndefu ya nyavu. Kumbukeni kamba hiyo.

Kumbukeni na jile, ile fulana ya kuokolea majini. Alikuwa nayo moja tu. Aliikata, akatoa povu lake, akalifunga chini ya roboti mbili zilizokuwa zinalala ubavu. Mama yake anasema: "Nilimuuliza, Jovi, ile jile unaikata, wewe utavaa nini? Akacheka. Eti, mama, siendake mbali." Mimi jambo hili linaniuma, na sitawaficha. Linanikasirisha hata. Fundi wa mashine za majini, na hakujua kuogelea.

Jumanne walikuwa ziwani na roboti zao, upepo ukashuka ghafla. Mtumbwi ukapinduka, si mbali na ufuko. Murhula alipiga mbizi mara tatu, mara nne, mawimbi yakamrudisha mikono mitupu. Akatoka majini akilia.

Upepo ulipotulia, watu wa Kituku waliona bidoni nne zinasogea zenyewe. Zilikwenda mahali pamoja, zikaachiana nafasi, zikasimama. Katikati yake kulielea kibidoni cha njano. Wavuvi wakaishika kamba, wakaivuta polepole. Joviale alikuwa mwisho wa kamba.

Mwili wa kwanza ambao roboti hizo zilipata ulikuwa wa aliyeziunda. Nimeitafuta faraja katika hilo tangu Jumanne. Sijaiona.

Tulimzika Alhamisi. Kabla ya mazishi, nyumbani, Mama Bénita aliifungua ile kamba kiunoni mwa binti yake kwa mikono yake mwenyewe. Akampa Murhula kibidoni. Akasema: "Huyu amerudi. Usifungie hii kintu mu kabati, Papa Murhula. Magloire angali mu maji."

Mama Bénita, na ukoo wote wa Bulonza, poleni sana. Goma nzima inalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjapandisha moto tena, tazameni nyuma ya mlango, juu ya kabati, chini ya kitanda. Pengine kuna jile iliyolala tu. Kesho asubuhi Murhula anaingia ziwani, na bidoni nne nyuma yake, na kamba kiunoni.

Jile hana.