Bi Attracta Gleeson na Kina Ryan wa Nguruwe

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Attracta Gleeson anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kituo cha Nasaba cha Ballinroe. Walitafutwa wenye elimu waandike maneno haya, lakini wote wako likizo, basi kazi imemwangukia mkata nyasi. Vumilieni.

Attracta alitoka kiwanda cha maziwa kuja kumshikia nafasi karani aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, Attracta hakuondoka. Tangu hapo anawapokea wajukuu wa watu wetu, Waayalandi waliopanda meli kwenda Australia enzi za ukoloni. Hufika na kamera na machozi, wakiuliza babu alitoka nyumba gani, na wote huapa kwamba babu alikuwa wa damu ya kifalme. Attracta huwapa chai kwanza. Kwamba hakuna mfalme anayevuka bahari kwenda kuchunga kondoo wa mwenzake, hilo husubiri kikombe cha pili.

Kazi huwa ngumu mgeni akiitwa Ryan. Kanisani kwetu ukiita Ryan, nusu ya waumini wanageuka, na nusu nyingine wameoana nao. Ndiyo maana kila ukoo una jina lake la utani, Ryan Mwekundu, Ryan Fundi Mapipa, na watu hulirithi kama pua.

Mwaka jana alikuja Desmond Ryan kutoka Bendigo, Australia, koti limedariziwa simba kifuani, mkononi kopo la biskuti. Ndani ya kopo alikuwa baba yake. Marehemu aliomba majivu yake yalazwe kwenye nyumba ambayo wazee wao waliihama. Desmond alijua kitu kimoja tu: wao ni kina Ryan "Mak". Kwa Kiayalandi *mac* ni mwana, na huko Bendigo walishaamua ni mwana wa mfalme. Attracta naye akaingia mkenge, akawatafuta kina Ryan Mac wiki nzima. Hawapo. Ndege ilikuwa kesho yake, na mzee alikuwa karibu kurudi Bendigo ndani ya kopo lake.

Attracta akamkatia mkate wa soda, wa kuagana. Desmond akatabasamu.

"Bibi yangu akipakua chakula alituita kwa sala ya Kiayalandi. Hurish! Hurish!"

Attracta akaweka kisu chini.

"Desmond, mwanangu, kaa vizuri. Hiyo si sala. Hivyo ndivyo tunavyoita nguruwe."

Kumbe si *mac*, ni *muc*: nguruwe! Na kina Ryan wa Nguruwe wamebaki nyumba moja tu, kwa Packie Ryan kule kilimani, ambaye ukimtajia jina hilo anakufukuza kwa reki. Tulipanda huko kwa gari la Attracta, yeye, Desmond na mimi mkata nyasi, tukamkuta getini, na reki anayo.

"Attracta, geuza hilo gari! Hapa hakuna nguruwe, wala hakuna Mwaustralia!"

"Packie, mtu wa watu hataki shamba lako. Anataka pa kumlaza baba yake."

"Wote huanza hivyo. Leo kopo, kesho wakili!"

Attracta akamgeukia Desmond. "Ita."

"Niite nini?"

"Ita kama bibi yako, bwana!"

Desmond, simba kifuani, akashika geti, akafumba macho, akapaza sauti: "Huriiish! Hurish!"

Packie akavua kofia. Reki ikaanguka.

"Mama alituita hivyo sisi watoto," alisema. "Na nguruwe nao walikuja, kwa hiyo ilibidi uwahi." Akafungua geti. "Haya, ingia, ndugu yangu. Ila huyo simba abaki nje."

Tulimlaza mzee kando ya ukuta wa banda la zamani la nguruwe. Koti Desmond aliliacha. Packie ameivisha sanamu ya kufukuza kunguru.

Attracta, asante kwa kila uliyemfikisha kwao, na kwa chai. Pumzika, upate bustani isiyo na Ryan hata mmoja. Lakini akija mwingine akatushinda, tutasimama getini kwako na kukuita. Unajua tutakavyoita. Uje mbio, kabla nguruwe hawajakutangulia.