Seremala Aliyeuza Asali kwa Masharti

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tano na kitinda mimba wa mshona viatu na mkewe mkunga. Bibi alizoea kusema kwamba alizalisha nusu ya mtaa bila wasiwasi, ila huyu wa kwake alikuja na haraka zake kabla hata maji hayajachemka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Hesabu alizimudu, lakini mwandiko wake, walimu walisema, ni wa kuku aliyekanyaga wino. Januari 1962 aliingia karakana ya useremala ya mjomba wake, na huko ndiko alikohitimu kweli.

Nyuki alikutana nao kazini. Agosti 1971 aliitwa kukarabati dari ya shule, akakuta kundi zima limehamia humo. Mwalimu mkuu alitaka wachomwe moto. Baba akasema, "Nipeni siku mbili niwajengee nyumba." Alipiga sanduku, akawahamisha, akashuka ngazini uso umeumuka, macho hayaonekani. Mpishi wa shule alimkalisha kitini akamtoa miiba kumi na saba kwa ukucha, mmoja mmoja.

"Ungesema tu unataka kuniona," akamwambia. "Hukuwa na haja ya kuumwa na nyuki."

Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1972. Mpishi huyo ndiye mama yetu, na Mungu aliwajalia watoto wanne. Karakana ilibaki ya milango na vitanda, lakini nyuma yake mizinga iliongezeka hadi ikafika ishirini na sita.

Mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na saba, baba alianza kubanwa na kifua. Hospitali walikuta presha, na mishipa ya moyo imeanza kuziba. Walimpa vidonge vya kila siku. Alivipokea kwa adabu zote, akaenda kuvificha kwenye kopo la misumari. Alikuwa amesikia kwamba asali hulinda moyo, basi akawa anakula vijiko vitano kwa siku na kujiona amepona. Tarehe 20 Februari 2004 alianguka akipiga randa. Mama alipokwenda kufunga karakana ndipo alipokuta vidonge vya miezi minane. Alivibeba vyote hadi hospitali, akavimwaga kitandani kwa mumewe.

Daktari wa moyo, binti wa rika langu mimi kifungua mimba, akamuuliza, "Mzee, nani alikudanganya kwamba asali peke yake inatosha?"

"Nyuki hawajawahi kunidanganya, binti yangu."

"Nyuki hawajasema kitu. Ni wewe uliyewasemea."

Baba alicheka hadi mashine ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio.

Daktari akamweleza kwamba katika asali, na katika ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga, kuna viini ambavyo huenda vinasaidia kulinda moyo na mishipa. Maabara zimeona dalili njema, ila kwa binadamu ushahidi bado ni mchache. "Tena asali ni sukari, Mzee. Kijiko kimoja, si vitano. Na vidonge vyote. Halafu hiyo gundi niletee, chuoni tunaichunguza."

Kwa karibu miaka ishirini baba alipeleka gundi kila mwezi. Kila chupa ilikuwa na tarehe na jina la ua lililokuwa limechanua. Mama ndiye aliyeandika, ili isomeke. Mteja aliyetaka asali ya moyo aliambiwa, "Kwanza nionyeshe vidonge vyako." Mwokaji mikate, jirani yetu, alikasirika akaenda zake. Baada ya wiki alirudi, kavishika mkononi. Leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Aprili mwaka huu baba alipata homa ya mapafu. Moyo ambao tuliukatia tamaa miaka ishirini iliyopita ndio uliokuwa wa mwisho kuchoka. Nilimuuliza daktari yule yule, sasa mvi zimeshamwingia, ni nini kilichoulinda. Akajibu, "Vidonge nina hakika navyo. Asali bado naichunguza. Mama yako, sina kipimo cha kumpimia."

Aliaga dunia nyumbani, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, dirisha likiwa wazi na mkono wake umo mkononi mwa mama.

"Mama watoto," alisema, "nimefaidi."

"Peke yako?" mama akamuuliza.

Wakacheka wote wawili, kisha baba akafumba macho.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, na kitukuu mmoja wa wiki sita ambaye baba aliwahi kumpakata. Mola ampokee kwa furaha ile ile aliyotugawia sisi, na huko aliko apumzike kwa amani.