Nusu Kikombe

Poleni nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imeona tuwasomee kidogo maisha ya dada yetu, mliyekuwa mkimwita Bi Nusu Kikombe, na wengi mliopo hapa mnaujua uchungu wa hicho kikombe.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1948, mtoto wa kwanza wa dobi na mkewe, katika chumba kilichonukia sabuni na pasi ya mkaa, akaanza shule mwaka 1956, akaishia darasa la tatu mama alipougua, ndipo akachukuliwa na shangazi yetu aliyekuwa akiwachemshia magome na mizizi watu wenye maradhi ya miaka mingi, akajifunza kazi hiyo jikoni kwake, huku shangazi akimwambia, mwanangu, anayekuja na haraka mpe kiti kwanza, dawa baadaye.

Tarehe 3 Agosti 1969 aliolewa na fundi seremala, mtu wa mzaha, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1985 vidole vya shemeji vikakakamaa kwa baridi yabisi, hata penseli ya kuwekea alama ikamshinda, akatibiwa hospitali maumivu yakatulia lakini vidole vikabaki vilevile, basi mkewe akaanza kumpimia nusu kikombe cha dawa ya mizizi kila asubuhi, naye akikinywea dirishani, uso ameukunja, akilalamika, mke wangu, gundi naimimina kwa kopo, wewe dawa wanipimia kama manukato, na dada akimjibu, kunywa, baba, maneno utayamalizia karakana. Mwaka wa kwanza hakikuonekana kitu, wifi akasema heri angempikia uji, mwaka wa pili penseli ikashikika, kisha nyundo, na siku randa ilipopita juu ya ubao bila kumponyoka, alizunguka mtaa mzima na maranda mkononi akiwaonyesha watu.

Binti yao alipochumbiwa, baba akamwahidi kitanda, harusi ikakaribia na vidole bado vinachoka mapema, basi tarehe 9 Septemba 1989, dada alipokwenda sokoni, shemeji akaiinua sufuria ya dawa akainywa yote. Dada alimkuta karakana, amelala chali kando ya kitanda kisicho na kichwa, maranda kifuani, hapumui, na sufuria jikoni imesuguliwa hadi inang'aa, kwa maana hakutaka ajulikane. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, kama ni ile sufuria au siyo, hawezi kusema, na jibu hilo ndilo lililomkaa dada rohoni, angeambiwa ndiyo angelia, angeambiwa siyo angelala.

Tangu hapo hakumruhusu mgonjwa kuondoka na dawa, wote walinywea jikoni kwake baada ya kwenda kupimwa hospitali, na kila asubuhi aliweka nusu kikombe dirishani, na kila jioni kilikuwa kikavu. Binti alisema ni paka, dada akamuuliza, paka gani huyo anayeuweza uchungu ule? Dereva wa lori, aliyekuja na mgongo uliopinda, aliwahi kusema, bibi, nikiongeza kidogo nipone upesi, kuna ubaya gani, dada akamwonyesha dirisha, akasema, muulize huyo, dereva akageuka, hakuona mtu, akainywa nusu yake akaondoka kofia mkononi, na mgongo ulimnyooka baada ya mwaka na ushei.

Mwaka 2021 moyo wake mwenyewe ulianza kumvimbisha miguu, akazimeza dawa za hospitali kwa subira ileile, hakuruka, hakuzidisha. Jumatano iliyopita binti yake alipokuwa akimimina, dada akamshika mkono akamwambia, leo usimwekee baba yako, nitakwenda kumuuliza mwenyewe. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, tuliokuwa sebuleni tulisikia randa ikipita juu ya ubao karakana, taratibu, mpaka mwisho wa ubao, tukatazamana, na tulipoingia chumbani dada alikuwa ameshaondoka, uso umetulia kama mtu aliyejibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomtekea maji, wenzake wa kazi ya dawa, na yule dereva aliyetuletea gari bila kuombwa.

Pumzika, dada, kikombe tumekiosha.