Gari la Ongeri Linakula Nini

Mambo yalibadilika siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1967, saa nne na robo asubuhi, Mzee Ongeri alipovuta pumzi ya mwisho nyumbani kwake Migori, rozari mkononi na ufunguo wa gari umefungwa kwenye rozari hiyo. Tangu saa hiyo, kigari chake cha milango miwili, rangi ya maziwa, chenye taa mbili na moja tu inayowaka, kikawa cha mwanawe Ratemo, karani wa ghala la pamba, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye leseni changa kuliko ndevu zake. Wiki sita zilipita. Ikawa Jumanne tena, na Ratemo akaomba ruhusa kazini, akaliegesha gari karibu na pampu ya petroli, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kama baba yake alivyomfundisha, akaenda kuketi kwenye benchi la kahawa la Mniko. Mfukoni alikuwa na barua ya kwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Homa Bay. Barua ilisema: njoo uchukue gari, bei ni ile ile. Basi la Homa Bay lingepita saa sita, na barua ingepanda basi au isingepanda.

Mama yake, Nyanchoka, alikuwa ameamua jambo hilo kwa maneno machache. Likila chini ya nusu ya mshahara wako, liweke. Likila zaidi, liende. Nyumba hii ina vinywa sita, na hakuna hata kimoja kinachokunywa petroli.

Shida ni kwamba marehemu hakumwambia mtu gari hula kiasi gani. Ratemo naye hakutaka kuliuza. Hakumwambia mtu, lakini kila jioni alikuwa akiingia ndani yake na kuketi, si kwenye kiti cha dereva, bali kile cha abiria, na kunusa sabuni ya kipande na tumbaku ya baba yake.

Benchi la Mniko lilikuwa ubao mrefu juu ya matairi manne makuukuu. Waliokaa pale kila siku walikuwa watatu. Kulikuwa na Maroa, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ntimaru, aliyeitwa Mizani kwa sababu alipima uzito wa mnyama kwa kumtazama tu, na mara nyingine alipima watu. Kulikuwa na Jamakalda, aliyechimba dhahabu huko Macalder miaka kumi na mitatu, akarudi na kikohozi na hadithi. Na kulikuwa na Ombui, aliyeitwa Sheria, kwa kuwa alihudhuria kila kesi ya mahakamani ingawa hakuna hata moja iliyomhusu. Mniko mwenyewe alimimina kahawa na kutoa maoni bure. Benchi lile lilikuwa na desturi moja: neno "sijui" halikusemwa pale. Aliyelisema aliwanunulia wote kahawa.

— Wazee wangu, akaanza Ratemo, nina swali. Gari hula kiasi gani kwa mwezi?

— Gari gani? akauliza Maroa.

— Lile pale.

Wote walilitazama kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni asubuhi hiyo.

— Swali limekuja mahali pake, akasema Sheria. Mniko, mmiminie kijana kikombe. Mizani, anza wewe.

Maroa alikunywa kwanza.

— Kwanza petroli. Marehemu aliponipeleka mnadani Ogwedhi, gari lilikunywa galoni mbili kwenda, na tatu kurudi.

— Njia si ni ile ile, mzee?

— Njia ni ile ile, lakini kurudi tulikuwa na mbuzi wangu wawili kwenye kiti cha nyuma. Mbuzi akishtuka, gari linakunywa zaidi. Hilo hata mtoto anajua.

— Kwa hiyo kwa mwezi?

— Mbuzi mmoja na nusu. Nusu ya mbele, si ya nyuma. Ya nyuma ina nyama nyingi, nitakuwa nimekudanganya.

Ratemo alikikumbuka kile kiti cha nyuma, jinsi kilivyotafunwa pembeni mpaka makumbi ya ndani yakaonekana. Akainama kwenye kikombe chake.

— Omera, ndugu yangu, petroli ni mchezo, akasema Jamakalda, akikohoa kidogo ili wamsikilize. Kinachoua gari ni springi. Siku ile marehemu aliponitoa Macalder na magunia manne ya mawe ya dhahabu, springi ya nyuma ilikatika kwenye mtelemko, ikalia kama mtu aliyefiwa.

— Na dhahabu ilitoka kwenye mawe? akauliza Mniko.

— Ilitoka. Ilijaza kichwa cha njiti.

— Magunia manne?

— Dhahabu haina haraka. Sasa, springi kwa mwezi ni robo ya kiberiti cha dhahabu.

— Robo ya kiberiti ni shilingi ngapi, mzee wangu?

— Inategemea nani anapima, na kama amekula. Halafu kuna gia. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake, gia ya kurudi nyuma ndiyo huisha mapema.

— Tezi ni nini? akauliza Maroa.

Jamakalda aliona lile shimo mbele yake, na kahawa ya watu watano chini ya shimo.

— Ni kituo, akasema. Ukipita Voi.

— Na omo?

— Kituo kinachofuata.

— Ngamani?

— Hapo ndipo penye gereji.

Maroa alitikisa kichwa kwa heshima. Hakuwahi kufika Voi, wala Jamakalda hakuwahi, wala hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kizuizi.

— Mnamchosha kijana kwa vyuma, akasema Sheria. Gari si vyuma, gari ni kesi. Kuna bima. Na kijana hulipa bima kubwa kuliko mzee.

— Kwa nini? akauliza Ratemo. Sijawahi kugonga kitu.

— Ndiyo sababu. Mzee amekwisha gonga vyake. Wewe vyako bado vinakungoja njiani. Halafu kuna kuku. Dereva mpya hugonga kuku wawili kwa mwezi.

— Sijagonga hata mmoja.

— Leo ni tarehe ngapi?

— Ishirini na tano.

— Una siku tano. Na usifikiri utalipa kuku. Mwenye kuku atadai mayai ambayo angetaga, na vifaranga vya mayai hayo, na mayai ya vifaranga. Nilisikiliza kesi kama hiyo Homa Bay. Kuku aligongwa akiwa mmoja. Mdai alipomaliza kuhesabu, walikuwa mia na ishirini na jogoo wao.

— Ulikwendaje Homa Bay? Ratemo akauliza taratibu.

— Marehemu alinipeleka. Mara nne, maana kesi iliahirishwa mara tatu.

— Ilikuwa kesi yako?

— Hapana, mwanangu. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikwenda kusikia.

Mniko aliliweka birika lake juu ya makaa. Alikuwa amengoja zamu yake muda mrefu.

— Nyote mmesahau jambo moja, akasema. Gari hula zaidi likiwa limesimama.

— Likiwa limesimama linakula nini?

— Mashangazi. Ratemo, kabla mzee hajafa ulikuwa na mashangazi wangapi?

— Watatu.

— Na tangu upate gari?

Ratemo alihesabu kwa vidole, akaishiwa na vidole.

— Kumi na mmoja.

— Mnaona? Wanane wapya, na kila mmoja ana goti linalouma, na kila goti linataka kupelekwa kanisani likiwa limekaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini shangazi huwezi kumpa jembe. Unampa kiti cha mbele.

— Na matairi, akadakia Maroa. Barabara hii inatafuna tairi kama muwa. Nimekuwa nikijiuliza siku nyingi, matairi ya marehemu yakiisha yalikuwa yakienda wapi?

Wote wanne walifikiri kwa bidii. Jamakalda alisema huenda yaliyeyuka. Sheria alisema huenda yaliibwa na watu wa Ogwedhi. Ratemo aliyatazama yale matairi manne chini ya ubao waliokalia, akanyamaza, kwa maana alilelewa vizuri.

— Basi tujumlishe, akasema Sheria. Mbuzi mmoja na nusu ya mbele. Robo ya kiberiti. Kuku mia na ishirini na jogoo. Mashangazi wanane. Mizani, hiyo ni kiasi gani?

Maroa alifumba jicho moja, kama afanyavyo mnadani.

— Ng'ombe wawili na ndama.

— Kwa mwaka?

— Kwa mwezi. Februari unaweza kumwacha ndama.

Mshahara wa Ratemo haukuwa umewahi kuona hata mkia wa ng'ombe mmoja. Alijua wazee wanatania, lakini moyo ulimshuka, kwa sababu ndani ya utani wao kulikuwa na springi ya kweli na kiti kilichotafunwa kweli. Kule ng'ambo ya daraja basi la Homa Bay lilipiga honi. Ratemo alitoa barua mfukoni, akasimama.

Hapo ndipo mama mmoja mzee alipovuka barabara, kitambaa cheupe kichwani, kikapu mkononi kimefunikwa majani. Hawakumfahamu.

— Hamjambo, baba zangu. Naitwa Bathsheba, natoka Uriri. Gari lile ni la Ongeri?

— Ndilo, mama, akasema Ratemo. Lakini mzee hayupo tena. Mimi ni mwanawe.

— Nilisikia, mwanangu. Nilikuwa nimelala mgonjwa, sikuweza kuja kumzika. Pole sana. Nimeleta mayai yake.

Akaweka kikapu kwenye ubao, akaeleza kwa utulivu, akiwatazama wote. Mwaka jana, usiku wa mvua kubwa, binti yake Mellen alishikwa na uchungu wa kuzaa, na uchungu ukakataa kwisha. Ongeri aliwapeleka hospitali Homa Bay, taa moja inawaka, huku yeye mama akiwa ametoa kichwa dirishani kumwambia mto uko wapi. Mtoto akazaliwa salama. Mama alipomwuliza nauli, Ongeri alikataa pesa. Alisema mlete mayai thelathini kila mwisho wa mwezi, mpaka niseme yametosha.

— Hakusema yametosha, akamalizia mama. Kwa hiyo nimeleta.

Ratemo aliyakumbuka mayai yale. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikuwa wakila mayai nyumbani, na baba yake alikuwa akisema gari ndilo lililotaga. Watoto walikuwa wakicheka.

— Ila kuna jambo linaninyima usingizi, akasema Bathsheba, akimgeukia Sheria aliyeonekana kuwa na elimu. Nyinyi wa benchi hili mmekaa naye miaka mingi, na mwenyewe aliniambia alikuwa akiwapeleka safari. Naogopa nilimpunja. Nyinyi alikuwa akiwatoza nini?

Maroa aliangalia mbali, kuelekea Ntimaru. Jamakalda alikohoa, kisha akakohoa tena, na kikohozi kikamwisha. Mniko aliliinua birika na kulitikisa bila sababu. Basi lilikuwa limekwisha simama kwenye pampu, na kondakta akaita mwenye barua na mwenye mzigo. Hakuna aliyegeuka.

— Sijui, mama, akasema Sheria.

Neno lile halikuwa limesikika kwenye benchi lile kwa miaka mitano. Sheria mwenyewe alitia mkono mfukoni bila kuambiwa.

— Mniko, wamiminie wote. Na mama pia.

Mniko aliinamisha birika. Yalitoka machicha, kisha hayakutoka hata machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Ratemo aliwatazama wazee wanne, kisha matairi manne, kisha barua. Sasa alijua gari lilikuwa likila nini kwa mwezi. Ukitoa mbuzi, mawe na kesi za watu wengine, lilikuwa likila kidogo tu, na hicho kidogo kililipwa kwa mayai.

— Una barua, kijana? kondakta akaita.

— Leo sina, akasema Ratemo, akaikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa meza ya Mniko ya vikombe, uliokuwa mfupi tangu zamani. Basi likaondoka.

— Mama, panda nikurudishe nyumbani.

— Nauli yangu ni hayo mayai?

— Hayo yametosha, mama. Nasema kwa niaba yake.

Alimfungulia mlango, akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta pumzi, akageuza ufunguo. Gari lilisema neno moja likanyamaza. Akageuza tena. Halikusema hata hilo moja. Ratemo alishuka, akaondoa jiwe nyuma ya gurudumu.

— Wazee wangu, njooni msukume.

— Tusukume? akasema Maroa. Mtu wa umri wangu? Kwa malipo gani?

— Umekwisha lipwa, mzee. Hiyo ni nauli ya Ogwedhi. Jamakalda analipa springi, mzee Ombui analipa kesi nne, na Mniko analipa ubao wake aukalishao juu ya matairi yetu.

Mniko alichungulia chini ya benchi.

— Ah, akasema. Kumbe ndipo yalipokuwa yakienda.

— Na kuanzia leo? akauliza Sheria, maana alitaka sheria ieleweke.

— Kuanzia leo kila mtu analeta mayai. Na mbuzi wanalipa kama watu.

Hakuna aliyebisha. Wazee wanne waliweka mikono nyuma ya gari la Ongeri, Maroa akilipima uzito kwa jicho na kusema ni fahali na nusu, wakaanza kusukuma taratibu kuelekea darajani. Ndani, Ratemo alishika usukani mahali ambapo mikono ya baba yake ilikuwa imeulainisha. Bathsheba alifanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akaomba kwa sauti ili na wale wa nyuma wasikie:

— Ee Bwana, mkumbuke Ongeri, mtumishi wako. Alitupakia njiani bila kutuhesabia, nawe usimhesabie. Kama amebakiza deni lolote kwako, wapo wanne hapa nyuma wanalisukuma. Mpe pumziko, Baba, na umpe mwanga wa kutosha huko aliko, maana hapa duniani taa yake moja ilikuwa haiwaki. Amina.