Marlys Tollefson na Siku ya Arobaini na Sita

Ijumaa ya tarehe 27 Juni, saa kumi na moja kamili, Bi. Marlys Tollefson atastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na saba katika ofisi yetu ya Duluth. Rasimu ya kwanza ya tangazo hili ilisema "jioni" tu. Aliisahihisha mwenyewe.

Alianza Machi 1988 akiwa mpokea simu. Miaka minne baadaye alikabidhiwa mafaili ya wenye nyumba za kupangisha, wale wanaouza jengo moja na kununua jingine ili kodi ya faida isubiri. Ni kazi ya kukimbizana na kalenda: fedha za mauzo tunazishika sisi, na mwenye nyumba ana siku arobaini na tano tangu auze za kututajia kwa maandishi anachotaka kununua. Akichelewa hata siku moja, kodi inamsubiri mlangoni.

Sijui kama kazi hiyo ilimfaa au ilimharibu. Marlys hakai. Huongea na simu amesimama, hula mkate akitembea koridoni, na zulia la mbele ya meza yake limebadilishwa mara mbili. Yetu bado ni yale yale. Huwapigia wateja simu siku ya ishirini, ya thelathini, ya arobaini, kisha kila asubuhi. Mzee mmoja wa mji wa Hibbing alilalamika, "Mama huyu ananisumbua kuliko wapangaji wangu!" Mwaka uliofuata akatuletea majengo mawili zaidi.

Februari 2009 mteja alikuwa Orrin Skaar, mume wa Verna, dada yake Marlys. Alikuwa ameuza jengo la vyumba vinane, na wiki nzima hakuweza kuamua kama anunue jengo mjini Cloquet au ng'ambo ya daraja, mjini Superior. Siku ya arobaini na tano akaenda kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa, simu akaiacha ndani ya gari. Marlys alipiga mara kumi na moja. Adhuhuri akaendesha gari kwenda ziwani, lakini theluji ilikuwa imefunga barabara na polisi wakamrudisha.

Asubuhi iliyofuata Orrin aliingia ofisini, buti zikidondosha maji.

"Shemeji, andika tarehe ya jana tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na huyu hapa pia."

Huyu hapa nilikuwa mimi, mgeni wa miezi mitatu kazini. Leo nakiri: barua ya kulitaja jengo la Cloquet nilishaichapa, kwa tarehe ya jana. Marlys aliichukua, akaisoma, akaichana.

"Verna atalia," Orrin akasema.

"Najua atalia. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Lakini nikikuandikia uongo wewe, nitamwambia nini mwingine kesho?"

"Basi Krismasi usije kwetu."

Orrin akalipa kodi, na jengo la Cloquet likachukuliwa na mtu mwingine. Verna hakumpigia simu dada yake kwa miaka miwili. Miaka hiyo Marlys alikuwa akija hata Jumamosi kukagua tarehe alizokwisha kuzikagua. Hakumlaumu Orrin hata siku moja. Mara moja tu aliniuliza, akitazama nje ya dirisha, kama angepiga simu ya kumi na mbili ingekuwaje.

Katikati ya hayo wakaguzi wa kodi walikuja, wakafungua mafaili yetu mia mbili. Hakuna tarehe hata moja iliyotiliwa shaka.

Mwaka 2011 Orrin aliuza jengo jingine. "Namtaka Marlys," alimwambia mpokea simu. "Yule mkorofi." Nyumba ya kununua aliitaja siku ya tisa. Verna alikuja naye, amebeba chapati za viazi za Krismasi ingawa ilikuwa Mei, na dada hao wawili wakalia koridoni mpaka sote tukafunga milango yetu.

Maisha yake yote Marlys amekuwa mpangaji. Mwezi ujao anahamia nyumba yake ya kwanza, mjini Two Harbors, jirani na Verna. Ameshanunua ndoo tatu za rangi ya njano, na bado hana hakika kama anaipenda.

Asante, Marlys, kutoka kwetu sote. Tunakuombea afya, majirani wema, na Jumatatu nyingi ambazo hakuna anayekungoja. Ukishindwa kutulia, njoo. Kahawa ipo.

Denise Aho, kwa niaba ya wenzako