Gari Lililomkana Mwenyewe

Benchi la kijiwe cha kahawa lina miguu mitatu na tofali, lakini halijawahi kumwangusha mtu. Zinazoanguka ni hoja za wanaolikalia. Asubuhi hiyo wenyewe walikuwapo, vikombe mkononi: Sheria, tarishi mstaafu wa mahakama anayetoa hukumu hata kwenye ugomvi wa kuku, Antena, fundi redio, na Kinyozi, ambaye mteja wake alikuwa ndani ya kibanda chake akingoja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Mbele yao teksi ya rafiki yao Gia ilikuwa imegoma. Mashine inazunguka, haishiki, na kwenye dashibodi kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kinapepesa. Gia jasho lilimtoka. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye gari hilo, na uzeeni hakuwa na kazi nyingine. Aliogopa, wala hakuficha.

— Betri hiyo, — Antena alisema akipuliza kahawa. — Haba na haba hujaza kibaba. Umeitumia haba na haba, imekwisha.

— Betri gani, na mashine inazunguka? — Gia alimaka.

— Basi ufunguo, — Kinyozi akadakia. — Mle ndani kuna kijidude, gari linakisoma kwanza ndipo liwake. Wewe unakichanganya na sarafu mfukoni, zimekikwaruza. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana gani tena? Mama watoto kaniletea wa akiba, haujawahi kuonja mfuko. Nao limeukataa!

— Acha fiksi! Zote mbili?

— Zote mbili!

Sheria akakohoa kama mtu anayeingia kizimbani.

— Hilo ni shauri la utambulisho. Gari limekusahau sura. Juzi uliponyolewa ndevu, uliliaga?

— Usinitie kesini, mzee! — Kinyozi aliruka.

— Ndevu wapi! — Antena akaonyesha juu. — Kuna mtambo huko angani ndio unaoruhusu magari. Leo kuna wingu, haukuoni. Dua la kuku halimpati mwewe.

— Nyote mmekosea, — Sheria akakata shauri. — Jana Gia kamzika shangazi yake. Marehemu aliahidiwa matembezi kwa gari hili, hakupelekwa. Kinyongo cha marehemu huingia kwenye nyaya.

Gia alitaka kucheka, ila mkono ulikwisha kugusa boneti. “Shangazi, nisamehe,” alinong'ona.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja, fundi wa funguo za magari, aliyepigiwa simu na mama watoto. Aliwaamkia wazee, akachomeka kifaa chake cha kupimia chini ya usukani, akasoma, akarudia kusoma.

— Mzee, gari ni zima. Na funguo zako ni nzima.

— Sasa?

— Zimefutwa. Mtu amezitoa kwenye kumbukumbu ya gari akasajili zake mbili. Gari linamngoja yeye aje alichukue. Wewe linakuona mwizi.

— Mwizi? Mimi? — Gia alijipiga kifua. — Gari langu mwenyewe?

Kikombe kikamponyoka Kinyozi. Hakuna aliyekiokota.

— Toba! — Antena alisema.

— Na hawezi kufanya hivyo kwa mbali, — binti akaendelea. — Lazima alikaa humu ndani na ufunguo mkononi. Jana gari lilikuwa wapi?

— Hapa hapa. Mazikoni ni mbali, nilikwenda kwa basi. Ufunguo niliwaachia hawa, kama siku zote, walisogeze likiziba mlango wa watu.

— Alikaa nao nani?

Sheria akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Antena. Antena akatazama machicha ya kahawa. Watu waliokuwa na jibu la mawinguni na la kaburini hawakuwa na jibu la hapo benchini. Gia alingoja hata mmoja aseme uongo.

— Haya, nafuta hizo za mtu huyo, nasajili zako, — binti alisema mwishowe. — Naanza na huu. Wa akiba nani anishikie?

Mikono mitatu ikanyooka kwa mazoea.

Gia aliitazama mmoja mmoja, mikono iliyombebea jeneza la baba yake, akausikia moyo ukimwuma.

— Nitaushika mwenyewe, — alisema.