Mvua Isiyolowesha Mashuka ya Bi Kifutio

Tarehe 30 Juni mwalimu wetu wa sanaa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha watoto kuchora na kuwafutia walichochora. Ndiyo maana tunamwita Bi Kifutio. Jina analijua. Alilichora mwenyewe mlangoni, akalizungushia maua.

Alianzia katika chumba cha chini, kile chenye sinki linalovuja, na hajahama. Amewafundisha mama zetu, kisha sisi, na hachoki kutukumbusha kwamba mama zetu nao walishindwa kuchora vidole. Ukimpelekea farasi, atakuuliza kama hilo ni kochi. Ukilia, atakupa karatasi nyingine.

Muhula huu kamati ya shule ilipendekeza kwamba akiondoka, chumba chake kiwe stoo ya viti vibovu, kwa kuwa siku hizi kila kitu huchorwa kwa kompyuta. Tunaishukuru kamati kwa kuvijali viti.

Chama chetu cha filamu kilipewa nafasi moja ya kukitetea chumba: filamu fupi ya kuonyeshwa siku ya kuagana, michoro ya mkono ikichanganywa na madoido ya kompyuta. Ni hadithi ya bibi anayekimbia kuanua nguo mvua ikianza. Bi Kifutio nasi tulimchora bibi na kamba yake, karatasi juu ya karatasi, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Ghorofani, mwalimu wa kompyuta, ambaye jibu lake kwa kila jambo ni "bonyeza tu", alitengeneza mvua na radi. Walimu hawa wawili hawakuulizana kitu. Ngazi zilikuwa ndefu mno kwa heshima zao.

Mvua ilitoka nzuri, tena inameta. Ikayanyeshea mashuka, na mashuka yakaendelea kupepea makavu kama yametoka kupigwa pasi. Mwalimu wa kompyuta alipiga makofi, na mjumbe wa kamati akamfuatisha. Bi Kifutio aliuliza swali moja.

"Sasa huyu bibi anakimbilia nini, mwanangu, kama nguo zenyewe hazilowi?"

Mwalimu wa kompyuta alisema watazamaji hawatagundua. Akajibiwa kwamba mtazamaji asiyelijua shuka lililolowa hajawahi kufua hata soksi, na kwamba jina la Bi Kifutio lisionekane kwenye filamu hiyo, hata kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Haki isemwe: radi aliyojaribu kuichora Bi Kifutio kwa penseli ilifanana na ngazi iliyovunjika. Aliiona mwenyewe, akaifuta, akasema radi aachiwe mwalimu wa kompyuta, maana makelele ndiyo fani yake.

Kesho yake mwalimu huyo aliteremka, kompyuta kwapani, akaketi kwenye kigoda cha watoto. Tukayachora mashuka upya, mazito, yakiivuta kamba chini. Kwenye kila pindo Bi Kifutio aliweka alama ndogo ya penseli ya buluu, na mwalimu wa kompyuta akaanzishia tone lake papo hapo. Alibonyeza sana siku hizo, na hakusema "tu" hata mara moja.

Mtaiona leo baada ya hotuba. Tunaiomba kamati iketi mbele, kwenye viti vizima. Bibi anaokoa shuka moja, na mwishoni majina ya walimu wote wawili yanatokea kwa herufi zinazolingana. Bi Kifutio alizipima kwa rula.

Kuhusu chumba, kamati ingali inatafakari. Wakati ikitafakari, Bi Kifutio alimwita fundi seremala, wakaikaza meza ya taa sakafuni kwa skrubu. Anayetaka stoo aanzie hapo, na aje na bisibisi yake.

Asante, Mwalimu, kwa yote uliyotufutia. Tunakutakia mapumziko marefu, na kila utakachoanika kikauke kabla ya mvua.